Kosa la Pili

Katika simu yangu kuna picha ya ukurasa mmoja wa daftari. Nimebadilisha simu mara mbili na kila mara nimehakikisha picha hiyo inahama nami. Niliipiga mwezi Agosti, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya ualimu, nilipopelekwa mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya kata mkoani Simiyu, mwendo wa bodaboda kutoka Bariadi mjini. Ukurasa una insha fupi ya Kidato cha Pili yenye kichwa "My Family". Mwandiko wa mwanafunzi ni wa bluu, wangu ni mwekundu. Mistari yake miwili ya mwisho inasomeka hivi: "This year I leave with my grandmother. Next year I leave."

"Leave" ya kwanza nimeikata na juu yake nimeandika "live". Ya pili nimeikata vilevile, nikaandika "live", kisha pembeni nikaweka swali kwa herufi kubwa: "WHERE?"

Kwa mtu asiyefundisha Kiingereza, naomba nieleze. "Live" ni kuishi, "leave" ni kuondoka. Katika masikio ya wengi wetu maneno hayo mawili ni neno moja, na katika madaftari ya Kidato cha Pili utayakuta yamebadilishana nafasi kama watoto pacha wanaodanganya mwalimu. Wiki hiyo peke yake nilikuwa nimeshasahihisha watu wanaoondoka Dutwa kumbe wanaishi Dutwa, na shangazi anayeondoka na mumewe kwa furaha miaka yote ya ndoa. Kwa hiyo nilipofika kwenye daftari la kijana huyu sikusimama kufikiri. Nilikata mara mbili, nikapiga picha kwa ajili ya ripoti yangu, na kesho yake nikaisoma insha hiyo mbele ya darasa.

Sikutaja jina, lakini darasa la watu sabini na kitu lilimjua. Niliandika sentensi zake ubaoni kwa chaki, nikageuka na kusema kwa Kiswahili, nikiamini nachangamsha somo: "Mwenzenu mwakani ataishi, ila hajatuambia wapi." Walicheka sana. Nami nilicheka. Yeye alitabasamu kidogo huku anaangalia dawati lake, na kuanzia siku ile sikuuona tena mkono wake ukinyooka hadi nilipomaliza mazoezi mwezi Septemba. Nilidhani ni mpole.

Ninayeandika haya si mgeni wa kicheko cha namna hiyo. Nimezaliwa mkoa huohuo, wakati huo ukiwa bado sehemu ya Shinyanga, kabla Simiyu haijatangazwa mwaka 2012. Nyumbani tulizungumza Kisukuma, na Kiswahili nilikianza kwa dhati Darasa la Kwanza. Kisukuma hakitenganishi maana kwa l na r. Kiswahili kinatenganisha, tena bila huruma: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Nilipokuwa Darasa la Tatu mwalimu alitusomea imla yenye sentensi kuhusu fahari ya mzazi kwa mtoto wake. Mimi niliandika fahali. Nyumbani kwetu fahali ndiye aliyekuwa fahari ya baba, hivyo sikuona tatizo lolote. Mwalimu aliona. Alinisimamisha, akaniuliza baba yangu ana pembe ngapi, kisha akanipa rula mbili za kiganja. Kwa muda mrefu niliitwa "Fahali" na watoto ambao wao wenyewe walikuwa wakisema "habali za asubuhi".

Niliapa kwamba nikiwa mwalimu sitamcheka mtu kwa sababu ya sauti. Nadhani ndiyo maana nilitamani kuwa mwalimu wa lugha. Na bado nilisimama pale, na chaki mkononi, nikifanya kazi ileile kwa lugha nyingine.

Niseme kwa haki kwamba maneno ya Kiingereza yanayofanana ni tabu kweli, na tabu yenyewe ina matabaka mawili ambayo walimu wengi huyachanganya. Kuna maneno ambayo hata Mwingereza mwenyewe huyatamka sawasawa: "their" na "there", "meat" na "meet", "wait" na "weight". Hapa mwanafunzi wa Bariadi na mwanafunzi wa London wako kwenye mtihani mmoja. Sikio haliwezi kuwasaidia, inabidi jicho likumbuke. Chanzo chake ni historia. Maneno mengi ya namna hiyo zamani yalitamkwa tofauti. Zile "gh" za "weight", ambazo leo zimekaa kimya, zilikuwa na sauti yake. "Meat" na "meet" zilikuwa na irabu mbili tofauti. William Caxton alipoanza kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda taratibu, lakini midomo ya watu iliendelea kusogea. Kilichobaki kwenye karatasi ni alama ya matamshi ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Sisi tuna bahati. Tahajia ya Kiswahili cha leo kwa herufi za Kirumi ilisanifiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, kwa hiyo tunaandika kile tunachosema. Tuna "paa" la nyumba na "paa" wa porini, tuna "kaa" la moto na "kaa" wa baharini, lakini hakuna anayefeli imla kwa sababu hiyo.

Tabaka la pili ni la maneno ambayo Mwingereza anayasikia tofauti kabisa, ila sisi tunayasikia kama kitu kimoja. "Live" na "leave" ni ya hapa. "Ship" na "sheep" pia. "Work" na "walk", ambayo midomoni mwetu yote huwa "wok". "Hat", "hut", "heart" na "hurt", kofia, kibanda, moyo na jeraha, zote tunazipeleka kwenye a moja. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha vitabuni huhesabiwa kuwa na irabu takriban ishirini, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine. Ni kama kupewa ng'ombe ishirini na zizi la vyumba vitano: utawalaza pamoja, na asubuhi utapata kazi ya kusema yupi ni yupi.

Kwa tabaka la kwanza nilijipatia mbinu na nilikuwa najivunia. Siku za pamba wazazi wa wanafunzi wangu walishinda kwenye kituo cha kununulia, wamekaa juu ya marobota wakisubiri mizani. Basi nikawaambia wanafunzi: ndani ya "weight" mna "eight", na mizani ndiyo inayosema namba, kwa hiyo uzito ni neno lenye namba ndani yake. "Wait" haina namba, ni kusubiri tu. Walilishika somo hilo siku moja. Tulitembea mjini Bariadi, mimi na wanafunzi watatu waliokuwa wanapeleka karatasi kuchapwa, tukahesabu maduka yaliyoandikwa "STATIONARY". Nikawaeleza kwamba kwa a ni kitu kilichosimama pale pale na kwa e ni karatasi na kalamu, na mmoja wao akasema, "Madam, lakini duka nalo si limesimama pale pale?" Tulicheka sote, na hicho kilikuwa kicheko kizuri.

Kwa tabaka la pili sikuwa na mbinu. Nilikuwa na kalamu nyekundu tu.

Miaka miwili baadaye nilikuwa Dar es Salaam nasoma shahada ya uzamili, na nilihitaji mada ya tasnifu. Nikakumbuka picha zangu. Niliandaa pendekezo kuhusu makosa ya irabu katika Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari Simiyu, na mfano wangu wa kwanza ulikuwa ukurasa ule. Niliuweka kwenye slaidi kwa sababu ulikuwa unachekesha. Nilijua utachangamsha kikao.

Msimamizi wangu ni mtu wa maneno machache. Aliitazama slaidi kwa muda, kisha akauliza, "Ya kwanza sawa. Ya pili umejuaje kwamba ni kosa?"

Nikamjibu kwamba sentensi haijakamilika, Dokta, "I live" haiwezi kuishia hapo, lazima uishi mahali fulani au na mtu fulani.

"Ndiyo," akasema. "'Live' inahitaji mahali. 'Leave' je?"

Sikujibu. Alisubiri kidogo, kisha akaniambia niendelee na slaidi inayofuata. Sikumbuki slaidi inayofuata ilikuwa na nini.

Jioni ile nilikaa chumbani na ile picha. "Next year I leave." Mwakani ninaondoka. Sentensi fupi kuliko zote kwenye insha, imekamilika, haina kosa la sarufi, haina kosa la tahajia. Mahali nilipoandika "WHERE?" ndipo palipokuwa na ushahidi. Sentensi ilikosa mahali kwa sababu haikuhitaji mahali. Nilikuwa nimelipa neno maana nyingine, kisha nikamlaumu mwandishi kwa kuwa maana hiyo haikutoshea.

Nilimpigia simu mwalimu aliyenipokea shuleni wakati ule. Tulisalimiana, akaniuliza habari za Dar, tukazungumza mvua na bei ya pamba kabla sijathubutu kuuliza. Alifikiri kidogo. "Yule wa dawati la nyuma? Huyo hakurudi Januari. Kidato cha Tatu hakukanyaga. Wengine wanasema yuko Mwanza, wengine wanasema machimboni Geita." Kisha akaongeza, bila kunilaumu, maana hakujua chochote, "Wanaondoka tu hawa, hawasemi."

Nilitaka kumwambia kwamba huyu alisema. Alisema kwa maandishi, kwa lugha ya kigeni, katika kazi aliyokusanya kwa mwalimu, na mwalimu akampa alama nne kwa kumi.

Sina hakika kama ningeweza kubadilisha kitu. Mwalimu wa mazoezi hukaa wiki chache tu, hana mamlaka, na sababu zinazomtoa mtoto shule ni nzito kuliko insha moja. Huenda ningemwita pembeni nikamuuliza, naye akakataa kusema. Huenda hata yeye alikuwa na maana ya kuishi, akakosa wino wa kumalizia. Nimejaribu kujifariji kwa njia hizo zote. Lakini kuuliza "mwakani unaondoka?" kungenigharimu nusu dakika, na nilikuwa nayo.

Katika kujiandaa kwa utafiti ndipo nilipokutana na jambo jingine, na hili limenikalia kichwani kuliko hata lile la kwanza. Profesa Herman Batibo, mwanaisimu Mtanzania, alichapisha Paris mwaka 1985 kitabu cha Kifaransa kuhusu fonolojia na mofolojia ya lugha yangu. Katika jina la kitabu lugha haikuandikwa Kisukuma, imeandikwa "Kesukuma". Mara ya kwanza nilidhani ni Kifaransa hicho. Kumbe sivyo. Kisukuma kina irabu saba, si tano. Kati ya i na e kuna irabu nyingine, na kati ya u na o kuna nyingine tena, na zaidi ya hapo irabu zake hutofautiana kwa urefu. Silabi ya kwanza ya jina la lugha, bibi yangu anapoitamka, si "ki" ya Kiswahili na si "ke" kamili. Iko katikati. Nimeisikia maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba nasikia kitu.

Sasa fikiria "leave" na "live". Irabu ya "leave" ni i ya juu, ndefu. Irabu ya "live" ni fupi, na imeshuka kidogo kuelekea e. Mtoto aliyekulia Nkololo au Dutwa au Itilima anaingia darasani akiwa tayari ana mahali pa kuziweka zote mbili. Alipewa na mama yake. Lakini safari yake ya shule inapita Kiswahili kwanza, miaka saba ya msingi, na Kiswahili kina i moja. Tunamfundisha kwamba lugha ya nyumbani ni ya kuacha getini, tunampa rula akichanganya l na r, na anapofika Kidato cha Kwanza, ambako ghafla masomo karibu yote ni Kiingereza, tunamwambia asikilize tofauti ambayo tulimzoesha kutoisikiliza. Sisemi Kiswahili kina kosa. Bila Kiswahili nisingeweza kuandika haya wala wewe usingeyasoma. Nasema tu kwamba mimi na kijana yule tulikuwa na ufunguo mmoja mfukoni, na hakuna aliyetuambia unafungua nini.

Mwaka huu nilirudi kukusanya data. Nilipanda basi alfajiri, Dodoma, Singida, Shinyanga, kisha barabara ya Mwigumbi kupita Maswa hadi Bariadi. Siku moja, kazi ikiwa imeisha, nilikaa na wanafunzi wa Kidato cha Pili, nikawaambia waseme jina la lugha yao kama bibi zao wanavyolisema. Walitazamana. Kisukuma darasani? Mmoja akathubutu, wengine wakacheka, kisha wote wakasema. Nikawaambia: ishikeni hiyo hiyo sauti, msiiachie, halafu semeni "live". Walisema. Sasa semeni "leave", kwa ile i nyingine. Si wote waliopata, na kujua sauti peke yake hakumfundishi mtu kuandika "ea". Lakini waliopata walijua wamepata. Ilionekana usoni mwao.

Kabla sijaondoka mwalimu mwenyeji alinielekeza nyumbani kwa bibi wa yule kijana. Nilifika asubuhi. Alikuwa ameanika michembe juu ya mwamba, akiigeuza kwa mkono. Nilipiga goti, nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia na kuniuliza mimi ni wa ukoo gani, kama wanavyouliza wote, na tulipomaliza ukoo alinipa kiti na maji. Nikamwambia niliwahi kumfundisha mjukuu wake. Akafurahi. Akasema yuko mzima, yuko Mwanza, anapakia samaki, hutuma pesa kidogo inapopatikana, na amesema atarudi kuoa.

"Aliondoka kwa nini, bibi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini jua limechwa. Mwaka ule pamba haikulipa. Kulikuwa na wadogo zake wawili. Mkubwa ni yeye.

"Alinieleza mapema," akasema. "Tangu wakati wa kuvuna. Akasema na shuleni ameshasema." Aligeuza kipande kingine cha kiazi. "Wewe hakukwambia?"

Nilikuwa na majibu mawili, na yote yangeweza kueleweka kuwa ya kweli kwa namna fulani. Nilichagua moja.

"Aliniambia," nikasema. "Mimi ndiye sikusikia."

Alitikisa kichwa taratibu, akaniwekea michembe kwenye mfuko wa kwenda nayo Dar. Namba ya simu ya kijana sikuiomba. Nilimwachia yangu, nikamwomba ampe atakapopiga, na amwambie kwamba ile sentensi yake ya mwisho ilikuwa sahihi. Bibi alinitaka nirudie ili asisahau. Nikarudia kwa Kisukuma. Akairudia na yeye, neno kwa neno, na hakukosea hata sauti moja.